Programu ya Mtu Mmoja

Vijana wangu hapa dukani, Mtaa wa Aggrey, wakikosa wateja hubishana app ipi ina watu wengi. Wanafungua simu, wanasoma: hii imepakuliwa mara bilioni, ile milioni tu, hiyo haina watu, ifutwe. Mimi huwaambia nyamazeni, uzeni makava ya simu. Wanasema Mama Siti ana gubu. Ninalo, na nina sababu yake.

Mwaka 2002 nilikuwa nafanya kazi kwenye intaneti kafe ya Narendra, Mtaa wa Mchikichi. Mashine sita, feni moja, foleni mpaka ngazini. Programu za kuchati zilikuwa mbili, Zambo na Kwiki, na diski zetu ndogo zilikuwa zinazidiwa. Narendra akaniambia, "Siti, hesabu mwezi mzima wateja wanatumia ipi. Yenye watu tunaacha, isiyo na watu tunatoa." Nikabandika kipande cha boksi ukutani, nikawa napiga vijiti. Nilivyoipenda ile kazi, ungedhani nasimamia uchaguzi.

Kwiki ilikuwa na mtu mmoja tu, Mama Mektilda.

Alikuwa mjane wa Masasi, anauza korosho za kukaanga pale Mkunguni, anapima kwa kikombe cha kahawa. Alikuja mjini na mtoto wake wa pekee, Augustino, wakapanga chumba Ilala, akamsomesha kwa korosho hizo hizo mpaka kidato cha nne. Kijana naye akazamia meli. Mwaka mzima mama hakujua kama ana mtoto au ana marehemu. Ndipo rafiki wa Augustino akaja kumfungulia Kwiki kwenye mashine yetu namba nne, kisha rafiki mwenyewe akaenda zake Afrika Kusini. Tangu hapo kila Jumamosi saa nne asubuhi mama yuko pale na kitenge chake safi. Kubonyeza hajui. Yeye anasema, mimi namwandikia Augustino. "Andika taratibu, Siti mwanangu, asije akadhani nafoka."

Jumamosi moja Augustino aliandika kutoka Ugiriki kwamba siku zote amekuwa akimdanganya. Hana kazi yoyote melini. Alifungwa kwa wizi, ametoka juzi. "Mama, kama umenisamehe niambie nirudi. Kama hukunisamehe, sikulaumu." Nilimsomea mara mbili. Mama akaniambia, "Mwambie nitamjibu Jumamosi." Akaondoka bila kuaga, yeye asiyekosa kuaga.

Alhamisi yake mwezi ukaisha. Zambo vijiti mia tatu na kitu, Kwiki vinne, na vyote vinne nilijua ni vya nani. Nikajisemea, mama nitamhamishia Zambo, kwani shida iko wapi? Nikaifuta Kwiki kwenye mashine zote sita. Narendra akaninunulia soda.

Jumamosi mama alifika mapema, akakaa kabla sijamkaribisha. "Haya, andika. Mwambie arudi. Serikali ya huko imeshamfunga, mimi sina jela. Arudi hata na nguo ya mwilini tu."

Nikafungua Zambo, ikataka namba ya kuchatia ya Augustino, nasi hatuna. Nikairudisha Kwiki, nayo ikataka namba ya mama na neno lake la siri. Kumbe vyote hivyo vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya ile mashine namba nne, na mimi ndiye niliyevifuta. Hakuna aliyewahi kuviandika popote. Narendra alileta fundi kutoka Upanga, akachokonoa siku mbili, akatikisa kichwa.

Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekua, sasa ana ndevu. Mama aliendelea kuja kila Jumamosi, anauliza, "Bado?" Namjibu bado. Simu ya mwanawe hakuwa nayo, barua hakujua aipeleke wapi. Alikuja hivyo miaka mitatu, mpaka presha ikamchukua, tukamsafirisha kwenda kumzika Masasi.

Augustino alirudi 2011. Akaulizia mpaka akanipata hapa dukani, mtu mzima, mvi zimemwahi. "Dada Siti, wewe ndiye uliyekuwa unamwandikia mama. Nilisubiri miezi, taa ya jina lake kwenye Kwiki haikuwaka tena. Nikajua hakunisamehe."

Nikamwambia aliyoyasema mama siku ile, neno kwa neno. Alilia pale pale mbele ya makava ya simu, na mimi nikalia. Kisha akauliza kwa nini maneno hayo hayakumfikia.

Nikasema ile programu ilikufa yenyewe, wenye nayo waliifunga dunia nzima.

Akaniamini. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumtunzia mama yake. Mpaka leo kila Idi hunipigia simu kunitakia heri, ananiita dada, na mimi huitika.