Korti Ilisema Sikutoa Uchafu

Mimi niliacha shule darasa la sita, na leo matofali yangu ya saruji yamejenga nusu ya nyumba unazoziona ukikaribia Kyumbi. Siringi. Nenda uangalie. Kwa hivyo jirani yangu, muuza matangi ya maji, alipoziba mlango wa yadi yangu na tangi mara ya tatu, sikunyamaza. Nilimwita mbwa. Nikamwita fisi. Nikamwambia kichwa chake ni karai, tena lililotoboka. Wafanyakazi walicheka mpaka wakazima mashine.

Nilipogeuka, mama mkwe wangu alikuwa amesimama hapo na kikapu cha kunde. Kwetu Wakamba kuna nthoni, heshima ya kumwepuka mama mkwe: hukai naye chumba kimoja, na mbele ya mama ya bibi yako hupandishi hata sauti, sembuse kutukana. Aliweka kikapu chini, akarudi steji kupanda matatu. Akaacha kukanyaga kwangu, na mjukuu wake alikuwa na wiki mbili tu.

Jirani naye alienda polisi. Nikashtakiwa kwa kutumia lugha chafu hadharani. Wakili wangu aliposoma mashtaka alifurahi, na mimi sikuelewa anafurahia nini.

"Mzee, ulitaja sehemu ya mwili?"

"Kichwa."

"Si hiyo. Ulitaja mambo ya kitandani?"

"Mbele ya mama mkwe? Wewe ni mzima kweli?"

"Basi yako ni matusi. Wao wameandika uchafu. Hivyo ni vitu viwili."

Kortini jirani alirudia maneno yangu yote polepole, yakaandikwa. Nakiri niliona yalikuwa matusi mazuri. Hakimu akaeleza: matusi humshusha yule anayetukanwa, lugha chafu ni ile ya mambo ya faragha, inayomwaibisha hata mpita njia akiisikia. Nilikuwa nimeshtakiwa kwa hiyo ya pili, na hakuna aliyeithibitisha. Ningeshtakiwa kwa matusi, alisema akinikazia macho, tungekuwa tunaongea mengine. Nikaachiliwa.

Hapo ndipo akili yangu iligoma. Kama uchafu ni kumwaibisha anayesikia, si kuna mtu alisikia akaaibika mpaka akaacha kunde zake? Lakini karai si uchafu. Nilimuuliza wakili. Akasema hiyo haihusu korti.

Jumamosi nikapakia mbuzi kwa pikapu, nikabeba na nakala ya hukumu, imepigwa muhuri, nikaenda kwa wakwe, Wamunyu. Mama mkwe alibaki jikoni. Kaka mkubwa wa bibi yangu akanipokea uani.

"Hii karatasi ni ya nini?"

"Inasema sikutoa uchafu."

"Na mbuzi?"

"Ya kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini, kama hukutoa uchafu?"

Nimebishana na wakandarasi wenye digrii nikawanyamazisha. Hapo nilishusha sauti.

"Shemeji, sijui. Nilipayuka na mama akiwa hapo. Hiyo tu ndiyo najua."

Sauti ikatoka jikoni, mwenyewe haonekani: "Mwambie afunge mbuzi. Karatasi arudi nayo."

Alhamisi iliyofuata bibi yangu alinipigia simu nisiende nyumbani mchana, kuna mgeni amembeba mtoto. Nikala mandazi hapo yadini na wafanyakazi, nikiwa na furaha kubwa, bila kujua hasa nimesamehewa kosa gani.