Ua la Nne

Juzi mjukuu wangu Kabula alinijazia meza chupa tupu za jamu, gundi na kamba za katani. "Bibi, haya ni mapambo ya kisasa, ya kuwekea maua." Kisasa gani? Mama yangu alifanya hayo kule Songwa, na gundi yake ilikuwa uji wa muhogo.

Nakumbuka mchana mmoja, nikiwa mtoto, chupa ya mama ilinuka majivu aliyoisugulia. Aliizungushia katani, kisha akachuma shambani maua matatu meupe ya pamba, akayaweka humo. Mimi nikaogopa. Kila ua lililochumwa ni pamba iliyopotea, na baba alikuwa mkali kwa shamba lake.

Baba aliporudi alisimama mbele ya chupa, jembe bado begani.

"Nani kachuma?"

"Mimi, baba," nikadakia, ili mama asigombezwe.

"Wewe? Mbona uji umekauka kwenye vidole vya mama yako?"

Mama aliendelea kuchambua mlenda, huku anajizuia kucheka. Baba akatoka.

Asubuhi yale matatu yalikuwa yamegeuka mekundu, ndivyo maua ya pamba yalivyo. Katikati yao lilikuwepo la nne, jeupe kabisa. Nikaamini yamezaa usiku. Nilikaa pale siku nzima kungoja lingine.

Asubuhi hiyo baba alikuwa akinywa uji, suruali imelowa umande mpaka magotini, na mama hakumuuliza ametoka wapi.