Mnyama Mwenye Zipu na Bibi Yangu wa Ushetu

Kosa langu la kwanza katika kukusanya filamu za mnyama lilikuwa kuamini kwamba sauti ya mtafsiri ni uchafu.

Filamu nilizokulia nazo zote zilikuwa na mtu anayeongea juu yake. Waigizaji wakifungua mdomo, yeye anawafunika kwa Kiswahili. Anawatukana wajinga, anamwonya dada anayefungua mlango asiopaswa kuufungua, na sisi tukichelewa kucheka anaanza kucheka yeye. Bibi yangu, aliyenilea kule Ushetu, alimwita msemaji. Msimu wa tumbaku ukiisha, jamaa mmoja alikuwa anafika kijijini na pikipiki iliyobeba jenereta, TV na deki. Anazungushia turubai, tunaingia, na ndani yake mnyama mkubwa kama kilima anatoka baharini kubomoa mji.

Zilikuwa filamu za zamani sana. Mnyama ni mtu aliyevaa gamba la mpira, lakini sisi hatukujua, na tungeambiwa tungekataa. Msemaji alituapia kwamba mnyama aliamshwa na baruti za wachimbaji wa Geita waliochimba duara, shimo la dhahabu, refu kupita kiasi. Mwisho wa sehemu ya pili mnyama akazama, likabaki yai ufukweni, likaanza kupasuka. Msemaji akasema, "Mama kaenda, wanangu! Mtoto anabaki na nani? Tukutane sehemu ya tatu!"

Jamaa wa pikipiki hakuileta sehemu ya tatu. Bibi alikasirika kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Nilipohamia Kahama na kupanga chumba Nyasubi, nikishona sare za shule, kila nikimpigia simu aliitikia marahaba halafu akauliza, "Yule mtoto vipi?"

Ndivyo nilivyoanza kukusanya. Nilinunua kila mwendelezo niliouona sokoni. Nilizifuta CD kwa kitambaa cha pamba, nikazipanga kwa mfuatano, na nikitoka nje nilirudi kuhakikisha sehemu ya nne haijageuka. Najijua, mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kama nimefunga mlango, halafu kurudi kuangalia kama nimeangalia. Sehemu ya tatu tu ndiyo sikuipata.

Nikaipata Masumbwe, kwa mchimbaji mmoja aliyekuwa na seti nzima: kava ngumu, picha safi, bila mtafsiri hata mmoja. Nikamwomba tubadilishane, nimpe zangu zote zenye kelele.

"Una uhakika, mwanangu?" akauliza. "Hizi hazituongeleshi."

"Zinaongea zenyewe."

"Haya. Mkaongee."

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Nilizitazama nikiwa na kamusi mapajani, maana waigizaji wanaongea lugha ya kwao na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, ambacho nimejifundisha mwenyewe. Hapo nikagundua jambo lililonifanya nisimame katikati ya chumba. Hakuna baruti za Geita. Na hakuna mama. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya filamu anayesema yule mnyama ni mama. Kuna "wa kwanza" na "wa pili", basi. Msemaji alitutungia.

Halafu bibi akaja mjini kuchukua miwani yake mipya. Angelala kwangu siku moja, asubuhi arudi kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mtoto yuko wapi?"

Hata mzigo hakuutua. Nikamketisha kitandani, nikaweka sehemu ya tatu kwenye deki. Mama mwenye nyumba wangu, muuza vitenge ambaye kwao ni Pangani na hatuachi tusahau, akaja na sahani ya visheti akajiweka pembeni ya bibi. Muziki ukapiga. Watu wenye makoti meupe wakaanza kuongea.

Bibi akasubiri. Akasubiri tena. "Msemaji yuko wapi?"

"Hii ni safi, bibi. Haina msemaji."

"Amekufa?"

"Hapana, hakuwekwa."

"Sasa nani atatuambia?"

"Atwambie bwana harusi wako huyo," mama mwenye nyumba akasema, mdomo umejaa kisheti.

Nikashika rimoti mkono mmoja na kamusi mkono mwingine. Sentensi ikitokea, nasimamisha, natafuta neno, nalitafuta tena kwa sababu maana ya kwanza sikuipenda. "Anasema... mionzi... imeongezeka. Au imezidi. Ngoja."

Mnyama akabaki na mguu mmoja hewani.

"Huyo atashikwa ganzi," bibi akasema. Akasogea mbele, akarekebisha miwani. "Mayo, mama wee! Ana zipu!"

"Wapi?"

"Mgongoni! Miaka yote ile nimemwogopa, kumbe ana zipu! Fundi gani kamshonea? Wewe mume wangu ungeificha."

Mama mwenye nyumba alicheka mpaka sahani ikamwangukia miguuni. Mimi nilicheka pia, lakini mkono wangu ulikuwa unatafuta neno. Nikasimamisha tena. Na tena. Baadaye kidogo nikamwona bibi anavua miwani, anaikunjia ndani ya khanga.

"Nijinyooshe kidogo," akasema. "Kesho nina safari."

Angelala, asubuhi angepanda basi na swali lake lilelile, na safari hii kosa lisingekuwa la jamaa wa pikipiki. Kwenye TV maji yalianza kupanda. Maandishi yakasema: wa kwanza ameonekana, tayarisheni mizinga.

Nikaitupa kamusi kitandani.

"Oooh, wanangu!" Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya chini ya turubai, kule Ushetu. "Nani huyo anatoka majini? Nani huyo anakuja mbio hajavaa hata viatu?"

Bibi akavaa miwani.

"Ni mama mtu! Amemwona! Anasema, ni wewe kweli? Mbona umekonda? Huko bara walikulisha nini?"

"Michembe, viazi vikavu vya kwenu!" mama mwenye nyumba akapiga kelele.

"Michembe haikondeshi mtu!" bibi akamrukia. "Nitazame mimi! Nyie wa Pwani mnaoshiba visheti ndio upepo unawabeba!"

"Nyamazeni, mizinga inakuja!" nikasema, na mizinga ikaja kweli, nami nikaigiza milio yake kwa mdomo, nikawa jenerali, nikawa mtoto, nikawa mji mzima unaokimbia pamoja na fundi mmoja aliyeacha sare za shule hazina vifungo. Mwisho mnyama mkubwa na mdogo wakaingia baharini bega kwa bega. Maandishi yakasema wamepotea kwenye rada. Mimi nikasema, "Mwanangu, twende nyumbani."

Bibi akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Ningeweza kuishia hapo. Sikuweza, ndivyo nilivyo. "Bibi," nikasema, "maandishi hayakusema hivyo. Sijui hata kama ni mama yake."

"Najua. Yule jenerali mwenye kofia alifungua mdomo mara moja, wewe ukaongea mpaka ukakohoa."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mkubwa kamfuata mdogo motoni, kamtoa, kaondoka naye. Ulitaka nani akuandikie chini kwamba ni mama?" Akachukua kisheti cha mwisho. "Rudisha pale pa zipu."

Nikarudisha. Tulipatazama mpaka mama mwenye nyumba akaomba tumwonee huruma mbavu zake.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Tangu siku hiyo akinipigia simu haulizi tena habari za mtoto. Anauliza sehemu ya nne ni lini. Zile CD zenye kelele sijazidai kwa mchimbaji. Seti safi ninayo bado, imepangwa kwa mfuatano, lakini bibi akija sisimamishi filamu, na kamusi inabaki kwenye rafu.