Watu wa Rumonge Kupanda Mlima Kutafuta Ziwa

Sikutaka kwenda. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani anasoma habari za shujaa. Mimi ni fundi cherehani sokoni Rumonge. Kutoka nyumbani hadi kibandani kwangu ni mwendo wa kumaliza andazi moja, na kuna siku hata huo naona umenizidi. Ziwa Tanganyika liko nyuma ya nyumba yangu, na mara ya mwisho kuingia majini kwa hiari yangu nilikuwa bado niko sekondari.

Aliyenitoa ni Anicet, mdogo wa mke wangu. Alikuwa konvwayeri, yaani yule wa mlangoni anayeita abiria, kwenye basi dogo la Bujumbura na Nyanza-Lac. Siku moja akaja kibandani na wazo lake. Kule juu, nyuma ya Bururi, kwenye malisho ya ng'ombe, kuna vijiziwa vitatu vimejificha katikati ya milima, barabara haifiki. Na siku hizi vijana wa ofisini Bujumbura wanapenda kutembea milimani na mifuko mgongoni, kwa raha tu, bila kufukuzwa na mtu. Kundi la kwanza lilikuwa tayari kumfuata, ila walitaka kujua kama mtu wa kawaida anaweza kufika.

"Na mimi ninaingilia wapi?" nikamwuliza.

"Shemeji, usikasirike. Nimetafuta Rumonge nzima mutu mvivu kukushinda, sijamuona. Wewe ukifika, nani atashindwa?"

Majirani zangu wa vibandani walicheka mpaka mashine zikasimama. "Fundi huyu?" mmoja akasema. "Huyu anahema akivua viatu!"

Lakini Anicet hakuwa na utani. Tajiri wa basi alikuwa amempa hadi Jumatatu: arudi mlangoni, au mlango apewe mwingine. "Nitafuata neno lako," akaniambia. "Ukisema inawezekana, ninaacha gari. Ukisema hapana, Jumatatu niko mlangoni."

Jioni mke wangu, Mama Kelly, alinivuta jikoni. "Wewe nenda naye. Lakini ukirudi, useme haiwezekani. Umesikia, Baba Kelly? Tulikaa kambi ya wakimbizi kule Tanzania tunaota siku mutu wetu atapata kazi. Sasa kazi iko, yeye anataka kutembeza watu porini kama mbuzi."

Nikakubali. Kwa kweli nilikuwa nimeshaona haiwezekani kabla hata ya kutoka jikoni.

Mpaka Alhamisi tukapanga. Anicet alichora njia kwa chaki yangu juu ya kitambaa cha suruali ya mwalimu mmoja: hapa Bururi, hapa msitu, hapa kijiziwa cha kwanza, tunalala hapo. Mimi nikashona mifuko miwili ya mgongoni, sakado tunaziita, kutoka kwenye turubai lile lile ambalo familia yao ilirudi nalo kutoka kambini. Ndani tukatia mablanketi, sufuria, chumvi, vitunguu na chupa kubwa ya mafuta ya mawese.

"Na samaki?" nikauliza. "Na unga?"

Anicet alinitazama kwa huruma. "Shemeji. Tunakwenda ziwani."

Nikaona haya. Kwetu huku, kuanzia Gatete mpaka Kabonga, penye ziwa pana mwalo wa wavuvi, penye mwalo pana mitumbwi, na mitumbwi ikifika utamkuta mama mmoja na beseni la ndagala, dagaa wetu, na mwenzake pembeni ana unga wa muhogo. Ukionekana umebeba samaki kuelekea ziwani, watu watauliza kama kichwa kiko sawa. Kwa hiyo tulinunua mikate ya kula njiani, basi.

Ijumaa alfajiri tulipanda nyuma ya pikapu inayopeleka mawese Bururi, tukakalia bidoni, yaani madumu yake. Barabara inapinda na kupanda, inapinda na kupanda. Mwanzoni michikichi ilikuwa imetuzunguka, kisha ikabaki chini, ikaja migomba, nayo ikachoka ikatuacha. Ziwa letu lilizidi kuwa dogo nyuma yetu. Masikio yangu yakaziba. Nilikuwa nimeketi muda wote, na tayari nilihisi nimefanya kazi ya siku mbili.

Bururi tulikuta baridi na watu waliovaa makoti kana kwamba ni jambo la kawaida. Tukamaliza mikate, tukaanza kutembea.

Msituni njia ilikuwa na mizizi, na kila mzizi ulikuwa umepewa jina langu. Sakado ikaanza kunikata mabega. Nilimtukana sana fundi aliyeshona mikanda ile: mikanda myembamba, haina kitu ndani, mshono umekaa palepale penye mfupa. Anicet akanikumbusha fundi ni nani. Nikasema hata hivyo, anastahili.

Baada ya msitu yakaja majani matupu, mlima baada ya mlima. Unafika juu, unafurahi, unaona mwingine umesimama nyuma yake unakungojea. Nikiketi, Anicet alikuwa akipiga ubavu wa sufuria kama mlango wa basi: "Sogea mbele, sogea mbele, nafasi iko!" Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nilibaki kunyanyua mkono tu, kama abiria aliyelala.

Alasiri tulifika. Kijiziwa kilikuwa chini yetu katika bonde la mviringo, maji meusi yametulia, majani marefu yamekizunguka pande zote. Ukubwa wake ni kama viwanja vichache vya mpira. Tulishuka mpaka ukingoni. Hakuna mtumbwi, hakuna moshi. Mtu pia hakuna.

"Mwalo uko ng'ambo," akasema Anicet.

Akazunguka. Nilimtazama akipotea kwenye majani, akitokea, akipotea tena, mpaka akanifikia kwa upande wa pili. Alitoa chupa ya mawese, akaigeuza chini juu. Mawese hayakumwagika. Baridi ilikuwa imeyagandisha yakawa kama sabuni.

Akaketi, akaegemeza kichwa kwenye magoti. Mimi nililala chali kwenye majani na viatu vyangu. Hapo ndipo niligundua kwamba sisikii kitu. Nyumbani kuna injini za mitumbwi, kuna spika za maduka, kuna watu wanaodai suruali zao. Hapa hata upepo ulipita bila kuniulizia. Nilikaa hivyo muda mrefu. Tumbo lilinguruma, na hata hilo lilisikika vizuri.

Jua lilipoanza kushuka, ng'ombe wakaja kunywa, na nyuma yao mama mmoja mwenye fimbo na koti la mvua. Baadaye tulimjua kuwa ni Mama Daphrose. Alisema Kiswahili alichookota miaka ya kushuka Rumonge kununua mawese.

"Amahoro. Munatafuta ng'ombe?"

"Amahoro, mama," nikasema. "Hapana. Tunatazama ziwa."

"Mumetoka wapi?"

"Rumonge."

Alitutazama, akatazama maji, akatutazama tena. "Rumonge, ziwa ilikauka?"

Anicet alijikaza. "Mama, samaki wanauziwa upande gani?"

Mama yule alicheka mpaka akaishikilia fimbo kwa mikono miwili. "Samaki! Humu ng'ombe ndiyo inakunywa. Samaki atoke wapi? Nyinyi watu wa chini, mukiona maji munafikiri chakula. Na usiku mutakula nini, majani?"

Akatupeleka kwake, nyuma ya kilima. Alitupa viazi na maharage, na maziwa ya ng'ombe. Chupa yetu akaiweka karibu na moto mpaka mawese yakalainika, akayamimina juu ya maharage, akasema angalau tulibeba kitu kimoja cha maana. Nilikula bila adabu. Kisha Anicet, kwa sauti ndogo, akamwuliza kama siku nyingine wageni wakija wanaweza kula na kulala pale kwake.

"Wageni wa kutazama maji haya?"

"Ndiyo, mama."

"Basi waje. Viazi viko. Lakini wasiniletee samaki. Samaki na maziwa ya ng'ombe, kwangu hawakai nyumba moja. Na unambie mbele, usitokee kama mbuzi imepotea."

Jumamosi tulipanda ukingo wa bonde, tukavitazama vijiziwa viwili vilivyobaki kutoka juu. Miguu yangu ilisema vinaonekana vizuri kutoka hapo. Halafu tukashuka, na kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Hilo hakuna aliyeniambia. Anicet alitembea mbele bila kupiga sufuria. Karibu na Bururi akasema, bila kugeuka: "Shemeji, najua utasema nini. Nilipanga vibaya. Mutu wa kubeba wenzake hawezi kusahau chakula." Mimi nilikuwa na pumzi ya kushuka tu.

Tulilala Bururi, na Jumapili jioni tulikuwa nyumbani. Mama Kelly aliniwekea beseni la maji ya moto miguuni, akaketi kati yangu na mdogo wake. "Haya, Baba Kelly. Sema. Inawezekana?"

Macho yake yalikuwa yananikumbusha ahadi ya jikoni. Anicet alikuwa anatazama sakafu. Nilijua neno ninalotakiwa kusema, na lilikuwa rahisi. Lakini kudanganya nako kunahitaji nguvu, na zangu zote zilibaki mlimani.

"Nilifika," nikasema.

"Sikukuuliza kama ulifika."

"Mimi nilifika, Mama Kelly. Mimi. Nikalala pale, nikala, nikarudi. Chakula alikosea, chakula amepata. Utasemaje tena kwamba haiwezekani?"

Aliinuka, akaliondoa beseni huku miguu yangu ingali ndani. Usiku huo hakusema nami.

Jumatatu asubuhi basi lilisimama kando ya soko. Tajiri aliketi mbele, akamnyooshea Anicet kidole, kisha akanyooshea mlango. Anicet alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Anicet akatikisa kichwa kukataa, na kijana mwingine akaruka mlangoni kabla tajiri hajashusha kidole, akaanza kuita Nyanza-Lac kwa sauti mbaya kabisa.

Tulibaki pale, yeye bila kazi na mimi na neno langu. Wageni bado hawajafika. Kila jioni mke wangu anauliza watafika lini, na ananiuliza mimi, hamwulizi mdogo wake. Sasa nimejua kwamba kumwambia mtu "inawezekana" kunachosha kuliko kupanda. Mlima, ukifika juu, angalau unashuka.