Alinipa Karatasi Yake Nimsahihishie

Admin, jina langu lifiche kabisa. Nina miaka themanini na minane, mwalimu mstaafu, mke wangu alishatangulia, naishi Iringa mjini. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwa sababu sitaki wajukuu wajue. Watakaotaka kunitukana watukane, ila wasome mpaka mwisho kwanza.

Nilizaliwa hapahapa Iringa, baba yangu mfanyabiashara mwenye asili ya pwani. Kiswahili kwetu tulikinyonya na maziwa ya mama. Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa chuo cha ualimu ambacho sitakitaja, na wenzangu wa bara walikuwa wakinyamaza nikiongea. Nilijiona, sikatai. Kitanda cha jirani alilala Ambakisye (nimembadilisha jina), Mnyakyusa aliyekulia Uyole. Yule alikuwa na kichwa. Hesabu, jiografia, kila kitu alinipita, mimi nilimzidi mdomo tu.

Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa kufanya uchunguzi, nyie siku hizi mnaita utafiti, nyumbani kwao wakati wa likizo. Halafu unasimama ukumbini kuuwasilisha mbele ya walimu, wanachuo wote na mkaguzi Mzungu. Mmoja wetu angechaguliwa kwenda kusoma zaidi, na chuo kizima kilijua ni mimi au Ambakisye. Mimi niliandika habari za maduka ya mjini. Nilimuuliza baba, nikamuuliza mjomba, basi, nikarudi kulala. Mwenzangu alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji akiwauliza kina mama habari za mahari: ng'ombe waligawanywa vipi, na mke akichoka akaondoka inakuwaje. Mama yake mzazi naye alimweka humo. Alimkimbia mumewe mara tatu, na mara zote tatu kaka zake walimrudisha, maana ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameshatumika kumwolea mke kaka mkubwa. Niliposoma machozi yalinitoka. Kisha nikashikwa na hasira, maana niliona nimeshashindwa.

Shida ya Ambakisye ilikuwa herufi r. Wanyakyusa wengi wa wakati ule hawakuwa nayo, walisema l, na yeye aliandika kama alivyosema. Kwa hiyo kwenye karatasi zake mahari ya ng'ombe na mahali pa kukaa vyote viliandikwa "mahali". Alilijua hilo, akaniletea karatasi pamoja na penseli.

"Ndugu yangu, hii helufi inanishinda. Niwekee wewe panapostahili, mimi nitakalili zote. Naogopa mkaguzi asije akanicheka."

"Niachie mimi," nikamwambia.

Niliziweka kinyume. Penye mahari niliacha mahali, penye mahali nikaandika mahari. Maneno mengine yote niliyasahihisha vizuri ili asishtuke. Halafu wiki nzima, baada ya chakula cha mchana, nilikaa naye nyuma ya jiko la chuo nikimfundisha kuyatamka hayo makosa. "Zungusha ulimi. Tena." Alizungusha mpaka mate yakaruka. Tukimaliza ananishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga fijo," ananishukuru kwa lugha ya kwao, "ndaga."

Siku ikafika. Akasimama, shati limepigwa pasi, akaanza: "Mahari petu, mahali hulipwa kwa ng'ombe." Nyuma mtu akacheka. Maskini, akadhani r yake haijakolea, akaizungusha zaidi. Kicheko kikaongezeka. Akafika kwa mama yake, nakumbuka alishusha sauti, akasoma: "Mama yangu hakuwa na mahari pa kukimbilia." Ukumbi ukapasuka. Watu walipiga meza. Na mimi, ambaye ningeweza kuishia hapo, nikanyoosha mkono.

"Samahani ndugu, huyo mama alikuwa anakimbilia mahari ya nani?"

Hata mkuu wa chuo alificha uso. Mkaguzi, aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni na akakipenda kuliko sisi, alimwambia akae chini. "Mwalimu asiyetofautisha mahari na mahali atawafundisha nini watoto?" Kurasa tatu zilikuwa bado hazijasomwa.

Nilichaguliwa mimi. Ambakisye hakupewa cheti, na kila alipopita walimwita Bwana Mahari. Siku anaondoka alinikabidhi karatasi zake. "Chukua wewe, utazisema vizuli. Ulinisaidia sana, ulimi wangu ndio umeniangusha." Nikazichukua. Huko nilikoenda nilizisoma kama kazi yangu, na mama yake nikamfanya shangazi yangu. Walinipigia makofi wamesimama.

Mwezi uliopita mjukuu wake alipata namba yangu. "Shikamoo babu," akasema, kisha akanieleza kuwa Ambakisye yuko Uyole, ni mtu wa kitandani, na ananiulizia. "Babu hajawahi kusimama mbele ya watu maisha yake yote. Hata kwenye msiba wa bibi alikataa kusema neno. Anasema siku moja ulimi wake ulifanya watu wamcheke mama yake. Anasema chuo kizima rafiki alikuwa mmoja tu, wewe."

Nimeahidi kwenda Jumamosi. Nikimwambia ukweli, namnyang'anya rafiki pekee aliyewahi kuwa naye. Nikinyamaza, anakufa akijilaumu kwa dhambi yangu. Na kwa kuwa jina langu limefichwa, niwaambie na hili: nikikikumbuka kile kicheko cha ukumbini, bado midomo yangu inataka kutabasamu. Naogopa nitatabasamu pale kitandani kwake.

Nipeni shauri, na msinipake mafuta. Nikaseme au ninyamaze? Jibuni upesi, mjukuu wake anasema siku ya pili hii hamezi hata uji.