Mgeni wa Kinu cha Miwa

Hutaniamini, najua. Hata ndugu yangu, aliyekuwa amesimama ubavuni mwangu, anasema hakuona kitu. Lakini haya yamenifika mie mwenyewe, Bawshar, mwishoni mwa miaka ya tisini, jua bado liko juu, baada ya sala ya alasiri.

Wazee wetu walipokufa niliacha skuli nikawalea wadogo zangu. Salim, ndiye ndugu yangu huyo, nilimsomesha mpaka akapata kazi ya kuongoza wageni kwenye shamba kongwe la miwa lililotengenezwa liwe pahala pa historia. Akanitafutia nami kazi humo, ya kumimina kahawa.

Siku hiyo wageni walikwisha ondoka. Akaja bibi mmoja, kaniki imemganda mwilini, akakaa mkekani karibu na kinu cha kukamulia miwa. Nikammiminia. Desturi ya Waarabu wa huku, mgeni akitosheka hutikisa kikombe, asipotikisa, unaendelea. Huyu hatikisi. Dele la kahawa lilikuwa limebaki machicha, na bado linatoa.

"Bibi, wewe wa kwa nani?" Salim akamtania. "Utatumaliza kwa kahawa."

"Wa kinu," akasema. "Nimemimina humu umri wangu wote, mwanangu. Leo ndio namiminiwa."

Ndipo nilipoiona mikono yake, imeungua mpaka viwikoni, kama iliyotumbukia kwenye sukari inayochemka. Nikamwambia taratibu, "Ukitosheka, bibi, tikisa hivi." Akatikisa. Kikombe kikabaki mkekani, mtu hapana. Salim alinishika bega anatetemeka, anasoma Ayatul Kursi. Sasa huyo hakuona?

Asubuhi nikamwambia mkubwa wetu kuwa watumwa waliofanyishwa kazi pale zamani hawakutajwa popote katika maelezo ya wageni, na mmoja wao kaja jana. Akamgeukia Salim. "Kweli?"

Salim akatazama viatu vyake. "Dada yangu mtu mwema, bwana. Ila tangu wazee wafe, akili humruka. Msamehe."

Nikaachishwa kazi siku ileile. Yeye akabaki.

Tangu hapo nguo zangu zanuka sukari iliyoungua. Nifue, nifukize udi, haitoki. Majirani zangu wa Darsait huniuliza kama napika halua. Salim haji kwangu. Hata khabari ya harusi yake niliisikia kwa watu.

Basi nakuasa: likikufika jambo kama hili ukiwa na mwenzio, usingoje asubuhi. Mshike mkono, waite watu, aseme palepale, angali anatetemeka. Hata kama umemlea wewe.