Ukanda Ambao Mjukuu Wangu Hakunifunga

Mjukuu wangu ni daktari wa meno, na Garissa nzima imesikia hivyo kutoka mdomoni mwangu. Nilimlea mimi, bibi yake, anayeniita ayeyo. Alipokuwa na fizi tupu nilimtafunia nyama ya ngamia nikamlisha kwa kidole. Kwa hiyo jino langu la nyuma lilipotoboka ubavuni, sikutafuta mtu mwingine. Alilisafisha, akaliziba upesi upesi huku akiongea na simu, akanibusu kichwani, nikaenda zangu.

Tangu siku hiyo kila nyama niliyokula ilikwama hapo, kati ya meno mawili. Naitoa kwa uzi wa kushonea, inakuja na damu. Nikamwambia.

"Ni fizi za uzee, ayeyo. Wazee wote wako hivyo."

Nikamwamini. Nikawa natafuna upande mmoja kama mbuzi mgonjwa.

Kisha jirani yangu muuza maziwa akapata tundu kama langu. Nikampeleka mwenyewe, nikakaa kando nimemshika mkono. Mjukuu wangu akachukua ukanda wa chuma, mwembamba kama karatasi, akaupima kwenye jino, akautoa. "Huu mfupi, haufiki kwenye fizi." Akachagua mwingine, mpana na wenye tumbo, akauzungusha kwenye jino, akasukuma kabari ndogo ya mbao pembeni mpaka ukabana. Ndipo akaziba.

"Huo wa nini?" nikauliza.

"Ndio ukuta, ayeyo. Bila huo dawa inamwagika chini ya fizi, mwanya unabaki. Nyama itamsumbua kila siku."

Kisha akanitupia jicho, akainamia vyombo vyake haraka.

"Mimi ulinifunga upi?"

Muuza maziwa kaachama mdomo, macho tu yanakwenda kwangu na kurudi kwake.

"Siku ile watu walikuwa wengi nje," akasema. "Na wewe ni wa nyumbani."

"Wa nyumbani ndiye wa kupewa makombo?"

"Kaa hapa, nakutengenezea sasa hivi."

"Wallahi, mkono wako hauingii tena mdomoni mwangu."

Jino langu lilikuja kufumuliwa na kuzibwa upya na daktari mwanamke huko Dadaab, hajui hata ukoo wangu. Alijaribu kanda kadhaa kabla ya kuridhika. Sasa natafuna pande zote. Fizi zangu hazikuwa na uzee wowote, na hilo ndilo linaloniuma: alinidanganya huku ananitazama usoni.

Watu bado wananiuliza kama mjukuu wangu anajua kazi. Anajua sana, nawaambia. Nenda, lakini usimwambie tunajuana.